Pumu na Dawa za Miti: Kila Dawa na Mahali Pake



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi, pamba na mifugo. Mimi si daktari. Lakini nina pumu tangu utoto, na binti yangu wa mwisho anayo pia. Ninapopita vijijini, watu huniona nikitoa kichupa cha dawa mfukoni na kuvuta. Kisha huniuliza: "Bwana shamba, kwani hujui mti wa pumu? Wewe unayejua mimea yote?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Mwezi huu nimeona nilijibu kwa maandishi. Anayejua kusoma amsomee na jirani yake.

Usiku mmoja wa mavuno

Mwaka 2019, mwezi wa 6, nilikuwa nimelala katika kijiji kimoja huku kwetu Usukuma. Mchana ule watu walikuwa wakipukuchua mahindi uani. Vumbi lilikuwa jingi. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka 7, alikuwa akicheza juu ya rundo la magunzi.

Jioni mtoto yule alianza kukohoa. Usiku kifua chake kikaanza kupiga miluzi. Baba yake hakukaa bure. Alichukua baiskeli, akaenda kuleta mizizi. Mizizi ikachemshwa. Mtoto akanywa kikombe kimoja. Wakangoja. Akanywa cha pili. Wakangoja tena.

Saa 10 alfajiri nilisikia hodi mlangoni. "Bwana shamba, tusaidie pikipiki."

Nilipomwona mtoto, niliogopa. Alikuwa ameketi, mikono ameikaza juu ya magoti. Kila akivuta pumzi, mbavu zilididimia ndani. Nilimwuliza jina lake. Alishindwa kulitamka lote kwa pumzi moja. Miluzi ya kifua ilikuwa imekwisha. Mama yake alifurahi, akasema, "Sasa kifua kimetulia." Mama yule hakujua. Miluzi ilikwisha kwa sababu hewa ilikuwa karibu haipiti tena.

Tulimfikisha kituoni akiwa hai. Alipewa oksijeni na dawa ya kuvuta kwa kifuniko cha usoni. Kulipopambazuka aliomba uji. Baba yake alikaa nje ukutani, akaniambia: "Nilidhani dawa ya mizizi inakwenda polepole. Nikasema nisiichanganye na ya hospitali."

Mizizi ile haikuwa sumu. Hatari ilikuwa katika zile saa za kungoja. Ndiyo maana naandika.

Pumu inafanya nini ndani ya kifua

Fikiria mti uliogeuzwa, shina juu na matawi chini. Ndivyo njia za hewa zilivyo kifuani. Koo la hewa ni shina. Linagawanyika kuwa matawi, na matawi kuwa vijitawi vyembamba kama majani ya mtama. Ndani ya vijitawi hivyo hewa hupita.

Mtu mwenye pumu ana njia za hewa zenye hasira. Akivuta moshi, au vumbi, au akishikwa na mafua, mambo matatu hutokea. Misuli inayozunguka vijitawi hujikaza. Ukuta wa ndani huvimba. Kisha makohozi mazito huziba nafasi ndogo iliyobaki. Hewa hupita kwa shida, hasa wakati wa kuitoa. Hapo ndipo tunasikia miluzi.

Pumu haiambukizi. Unaweza kula sahani moja na mwenye pumu. Mara nyingi hufuata ukoo, lakini si laana ya ukoo. Haina dawa ya kuiondoa kabisa, wala hospitali wala kwa mganga. Lakini inaweza kutulizwa mpaka mtu alime, acheze mpira, na alale usiku kucha. Watoto wengine hupata nafuu kubwa wanapokua.

Tena si kila kikohozi ni pumu. Mtu akikohoa wiki 2 au zaidi, aende apimwe kifua kikuu. Pumu huja na kuondoka. Kikohozi cha kifua kikuu huendelea, na mtu hukonda na kutoka jasho usiku.

Nilikatwa kimeo

Nilipokuwa na miaka 5, nilikohoa msimu mzima wa kiangazi. Wazee wakasema, "Huyu ana kimeo." Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Kazi yake ni kusaidia wakati wa kumeza.

Nilishikwa na wanaume wawili. Kikakatwa. Nilitoka damu siku nzima. Mama alilia kuliko mimi. Kikohozi kilirudi wiki ileile, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa kifuani, wala haukuwa kooni.

Wazazi wangu walinipenda. Walifanya walilolijua. Lakini leo tunajua kwamba kukata kimeo hakuponyi pumu. Watoto wengine hutoka damu hadi kufa. Wengine hupata usaha, au pepopunda, na wembe uliotumiwa kwa wengi unaweza kuleta UKIMWI. Ndugu mzazi, mtu akikwambia kimeo cha mwanao ni kirefu, mshukuru kwa kukujali, kisha mpeleke mtoto zahanati.

Jambo jingine la kuacha ni mafuta ya taa. Wapo wanaomnywesha mtoto kijiko ili "kukata makohozi". Mafuta ya taa ni mepesi. Huteleza hadi kwenye mapafu na kuyaunguza. Mtoto aliyekuwa na ugonjwa mmoja sasa ana miwili.

Je, miti haina dawa?

Ina dawa. Sitaki msomaji aelewe vibaya. Nimesomea kilimo, na najua nguvu iliyo katika mimea.

China walitumia mmea uitwao efedra kwa ajili ya kifua kwa muda wa karne nyingi. Mwaka 1885 mtaalamu wa Japani, Nagai Nagayoshi, alitoa ndani yake dawa iitwayo efedrini. Dawa hiyo ilitumika kwa pumu dunia nzima katika karne iliyopita. Baadaye zikapatikana dawa bora kuliko hiyo, zisizosumbua moyo sana.

Misri kuna mmea wenye mbegu ndogo uitwao khela. Wazee wa huko walizitumia mbegu zake kwa maumivu na kwa kifua. Katika miaka ya 1960, daktari mmoja wa Uingereza, Roger Altounyan, alichunguza dawa zilizotokana na mmea huo. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu. Alijijaribia dawa hizo mwilini mwake mara nyingi, mpaka ikapatikana dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu.

Hapa kwetu Muhimbili walianza kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974. Sasa ni taasisi kamili. Na mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria Na. 23 ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa sheria hiyo kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Kwa hiyo mganga wa kweli ana cheti. Kumwomba akuonyeshe cheti si matusi.

Tatizo kubwa la mti ni kipimo. Wakulima wenzangu watanielewa haraka. Mbolea tunaipima kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja shimo moja. Ukitia konzi nzima, mche unaungua. Ukitia punje mbili, mche haukui. Sasa, jani la mti lina dawa kiasi gani? Hubadilika. Jani bichi si sawa na jani kavu. Mti wa bondeni si sawa na mti wa mlimani. Mti mchanga si sawa na mti mkongwe. Kidonge kimepimwa. Konzi ya majani haikupimwa.

Tazama mnanaha. Ni gugu linaloota jalalani na kwenye mazizi ya zamani. Lina ua jeupe kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Zamani watu wa nchi nyingi, hata Ulaya, walivuta moshi wa majani yake kwa ajili ya pumu. Kweli lina kitu kinacholegeza misuli ya njia za hewa. Lakini kitu hichohicho kikizidi kidogo tu, mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, na mtu huanza kuongea na vitu visivyokuwapo. Anaweza kufa. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu 5 walikufa na mamia waliugua baada ya kula unga wa msaada uliochanganyika na sumu ya mimea ya aina hiyo. Ng'oa mnanaha shambani kabla haujatoa mbegu. Usiuvute na usiunywe.

Upo pia mziwaziwa. Huota njiani, umelala chini, una shina jekundu lenye vinyweleo, na ukiuvunja hutoa utomvu mweupe. Watu wa Afrika na Asia wameutumia kwa pumu miaka mingi. Lakini haijathibitishwa kwa wagonjwa kwamba unafungua kifua kilichobana. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza.

Habasoda imejaribiwa kwa wagonjwa wa pumu katika nchi kadhaa. Majaribio ni machache na madogo. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kidogo, nao walikuwa wakiendelea na dawa zao za hospitali. Anayeipenda aitumie hivyo, juu ya dawa yake na siyo badala yake. Amwambie na tabibu.

Tangawizi na asali hutuliza koo. Ni vizuri kwa mafua. Hazifungui njia za hewa. Na asali isipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi ashindwe kunyonya na kupumua.

Kahawa je? Hapa ndugu zetu wa Bukoba na Kilimanjaro watafurahi. Mwaka 1860 daktari wa Uingereza, Henry Hyde Salter, aliandika kitabu juu ya pumu, akasifu kahawa kali. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu. Wataalamu wa siku hizi wamepima na kuona alikuwa na haki, lakini kidogo. Kahawa hupanua njia za hewa kiasi kidogo, kwa saa chache. Mtu mzima aliye njiani kwenda zahanati, na hana dawa, anaweza kunywa kikombe. Asikae kitako kungoja kikombe kimponye.

Kujifukiza kulipata sifa mwaka 2020, wakati wa korona. Kwa pumu hakusaidii. Mvuke hauondoi uvimbe kifuani, na harufu kali ya mikaratusi inaweza kukibana zaidi. Tena sufuria la maji ya moto na mtoto anayehangaika kupumua chini ya blanketi ni hatari. Watoto wameungua hivyo.

Kuna jambo moja lisilo na gharama ambalo lina faida. Ni kujizoeza kupumua. Keti wima, legeza mabega, vuta hewa polepole kwa pua, itoe polepole kwa midomo iliyokunjwa kama unapuliza moto wa kijinga. Mazoezi haya huwasaidia baadhi ya watu kutulia na kuishi vizuri zaidi. Dawa usiache.

Mzee wa mizizi

Katika kata yangu yupo mganga mzee aliyesajiliwa. Nilimwendea baada ya mambo ya yule mtoto. Nilitaka nimlaumu, kwa kuwa nilidhani mizizi ilitoka kwake. Haikutoka kwake. Alinikaribisha kigoda, tukazungumza.

Nikamwuliza: "Babu, wakikuletea mtoto wa pumu, unampa nini?"

Akasema: "Kwanza namvua shati. Nikiona mbavu zinaingia ndani, nampa baiskeli."

"Baiskeli, babu?"

"Ndiyo. Baiskeli yangu ile pale, na mjukuu wangu wa kuiendesha. Aende zahanati. Dawa yangu ni ya mtu anayeweza kungoja. Huyo hawezi kungoja."

Nilitoka pale na haya kidogo. Mzee yule, asiyejua kusoma, alikuwa amesema kwa maneno machache yale ambayo mimi nilikuwa nimeyatafuta kwenye vitabu.

Basi tuseme wazi dalili za yule asiyeweza kungoja. Mbavu au shimo la koo vinadidimia. Hawezi kumaliza sentensi. Mtoto mchanga hawezi kunyonya. Midomo au kucha zimebadilika rangi, zimekuwa za kijivu au buluu. Anasinzia au amechanganyikiwa. Amevuta dawa yake na hapati nafuu. Hapo hakuna cha mizizi wala cha kungoja asubuhi.

Wakati mnatafuta usafiri, mketishe wima. Usimlaze chali. Mtoe kwenye moshi na kwenye kundi la watu. Kama ana dawa ya kuvuta ya salbutamoli, avute mara 4, moja moja. Subirini dakika 4. Asipopata nafuu, avute tena mara 4, huku safari ikiendelea.

Dawa mbili, kazi mbili

Watu wengi huniambia: "Ukizoea kile kichupa, huwezi kukiacha. Kinakuwa kama sigara." Si kweli. Kichupa hakileti ulevi. Mtu anakirudia kwa sababu pumu imerudi.

Lakini kuna kosa moja la kweli. Dawa za kuvuta ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kufungua kifua, kama salbutamoli. Hiyo hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake hudumu kwa saa chache. Ya pili ni ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonaidi. Hiyo hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na wiki. Wengi wetu tunanunua ya kwanza tu, kwa kuwa tunaona kazi yake papo hapo. Hiyo ni sawa na kuchota maji kwenye nyumba inayovuja bila kuziba paa. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mtu mzima asitegemee salbutamoli peke yake. Mwulize tabibu habari za dawa ya kuzuia. Ukivuta dawa ya kuzuia, sukutua mdomo kwa maji na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Najua dawa hizi zina bei, na mara nyingine hazipo zahanati. Mimi mwenyewe nimeuza jogoo ili kununua kichupa cha binti yangu. Jogoo huyo nilimpenda sana. Lakini nilipiga hesabu ya pikipiki ya usiku, kulazwa, na siku za palizi zilizopotea, nikaona jogoo ni rahisi.

Chakula na mzio

Sasa tuje kwenye chakula. Mwenye pumu wa kijijini hukatazwa vitu vingi: mayai asile, maziwa asinywe, samaki asiguse, ndizi ni baridi. Mwisho mtoto anabaki na ugali na mlenda tu, anakonda, na pumu iko palepale. Ukweli ni kwamba wenye pumu wengi hawadhuriwi na chakula chochote. Maziwa hayaongezi makohozi.

Lakini wapo wachache wenye mzio wa chakula. Mzio, ambao wengine huuita aleji, ni mwili kukosea. Mwili hukiona chakula kizuri kama adui, ukapigana nacho. Vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho, ufuta, soya, ngano, samaki na kamba. Dalili huanza kwa kawaida ndani ya dakika chache hadi saa 2. Ngozi huwasha na kutoa mabaka. Midomo na macho huvimba. Mtu hutapika au kifua hubana.

Si kila kinachowasha ni mzio. Magimbi yakiwasha koo, hayajaiva. Yana chembe ndogo kali kama sindano, nazo humchoma kila mtu mpaka yapikwe vizuri. Maziwa mabichi yakikuletea gesi na kuhara, huenda tumbo lako halina nguvu ya kumeng'enya sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika wako hivyo. Jaribu mtindi, wengi huuvumilia. Na samaki aliyekaa juani muda mrefu anaweza kumwasha kila aliyemla, uso ukawa mwekundu na kichwa kikauma. Huyo samaki ameharibika.

Akina mama, nina neno juu ya uji wa lishe. Tunawafundisha kuchanganya mahindi, karanga, soya, ufuta na dagaa. Ni uji mzuri. Lakini hebu hesabuni: karanga, soya, ufuta, dagaa. Vyote vinne vimo katika vile vyakula nilivyotaja. Mtoto akianza na mchanganyiko wote siku moja, kisha akatoka mabaka, mama atajuaje ni kipi? Atatupa unga wote. Kwa hiyo mtoto akitimiza miezi 6, mwanzishie kimoja kimoja. Leo karanga iliyosagwa, kidogo, ndani ya uji. Subiri siku 2 au 3. Kisha dagaa. Kisha yai lililoiva. Baada ya hapo changanya upendavyo. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, itamkaba.

Wala usimnyime mtoto vyakula hivi kwa hofu. Zamani hata wataalamu walisema karanga zicheleweshwe. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo yao. Walifuata watoto zaidi ya 600 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Waliokula karanga tangu uchanga walipata mzio wa karanga mara chache mno. Walikuwa kama mmoja penye watano wa wale walionyimwa. Ushauri ukageuzwa. Lakini mtoto mwenye ukurutu mkali wa ngozi, au aliyekwisha kutoka mabaka kwa chakula, aulizwe kwanza kliniki.

Mzio ukija kwa nguvu, mtu akavimba ulimi, akabanwa kifua, akaanguka, dawa ni moja. Ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, haraka. Hakuna mti unaofanya kazi hiyo. Na anayejua adui yake amwepuke maisha, hata kijiko kimoja kwenye mchuzi wa jirani. Waambieni walimu shuleni, na mama lishe pia.

Nyumba na shamba

Hapa sasa niko kwenye kazi yangu.

Wakati wa kupukuchua na kupepeta, mwenye pumu asikae upande vumbi linakokwenda. Afunge kitambaa puani. Kama kuna kazi nyingine, apewe hiyo, na asiitwe mvivu. Watoto wasicheze kwenye magunzi. Magunia ya nafaka yasiwekwe chumba anacholala. Mahindi yakaushwe vizuri, kwani mahindi yenye ukungu hubana kifua, na ukungu huohuo huweza kuzaa sumukuvu. Kuku walale bandani mwao.

Moshi wa kuni ndio adui mkubwa wa watoto wetu. Jiko banifu hupunguza moshi na kuni. Kama huna, kausha kuni, pika nje au karibu na dirisha, na usimbebe mtoto mgongoni ukiwa unapuliza moto. Baba anayevuta sigara atoke nje, na si mlangoni. Anika godoro juani kila wiki. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, kwa kuwa kuna wadudu wadogo wasioonekana wanaoishi kwenye vumbi la kitandani.

Chupa ya maji

Mwisho, kitu ambacho kila mmoja anaweza kutengeneza. Mtoto hawezi kuvuta vizuri dawa ya kichupa. Dawa nyingi hubaki kooni. Madukani kuna vyombo vya kusaidia, lakini ni ghali. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa tupu ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi hiyo sawasawa.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa kichupa cha dawa. Pasha waya moto, toboa kitako cha chupa. Chomeka mdomo wa kichupa pale, uingie kwa kubana. Zungushia gundi au utepe, hewa isipite. Tikisa dawa. Mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa ya maji. Bonyeza mara 1. Apumue ndani ya chupa mara 4 au 5, taratibu. Kisha tikisa na ubonyeze tena.

Binti yangu huenda na yake shuleni. Ameichora maua kwa kalamu nyekundu.

Siku za gulio mimi huwa chini ya mwembe, karibu na ghala la chama cha ushirika, kuanzia saa 3 asubuhi. Aliye na kichupa na hajui kutoboa, aje na chupa yake tupu. Waya ninao.